Kitabu cha Vikombe Viwili

SWALI: Mimi ni mhasibu, naishi Mwanza. Kila Jumamosi asubuhi nampeleka mwanangu mazoezi ya kuogelea, kisha nabaki na saa mbili za kumsubiri kwenye mkahawa ulio jirani. Nimechoka kuchezea simu. Ningependa kusoma kitabu cha Kiswahili cha kujifurahisha tu, lakini kila nikiingia duka la vitabu naona vile vile tulivyosomea mtihani. Mara ya mwisho kumaliza riwaya ya Kiswahili nilikuwa kidato cha sita. Kuna vitabu vitamu vya kusomea mkahawani? Naomba orodha.

JIBU: Dada yangu, saa mbili za mkahawani si saa mbili za nyumbani. Kuna kuagiza, kuna kungoja, kuna mashine ya kusaga kahawa inayonguruma kila baada ya dakika kumi, na kuna yule mliyesoma naye atakayekuona kupitia kioo akaingia "kusalimia tu". Kwa uzoefu wangu, muda huo hutoa vikombe viwili na kurasa kama arobaini, hamsini ukiwa na bahati. Kwa hiyo nikimchagulia mtu kitabu cha mkahawani, siulizi kwanza kama ni kitabu kikubwa au kimepata tuzo gani. Nauliza: anaweza kukifunga katikati ya mazungumzo ya wahusika, akalipa, akaenda zake, na Jumamosi ijayo akakifungua asipotee? Halafu nauliza kama ukurasa mmoja peke yake una ladha, hata siku ambayo hadithi haikusogea. Kikipita hapo, mimi nakiita kitabu cha vikombe viwili. Kiswahili kinavyo tele, kuliko rafu za maduka zinavyoonyesha.

Na hizo rafu nazijua, maana nimeuza vitabu zaidi ya miaka ishirini. Mwenye duka huagiza kitakachotoka Januari, shule zikifunguliwa, na kitakachotoka Januari ni kilichomo kwenye mtaala. Ndiyo maana unakutana na Takadini, Joka la Mdimu na Watoto wa Mama N'tilie kila unapogeuka. Si vitabu vibaya hata kidogo. Shida ni mlango tulioingilia. Tulifundishwa kuingia kwenye riwaya kama askari wa upekuzi: dhamira imefichwa wapi, ujumbe uko wapi, mhusika huyu ni bapa au duara, taja mbinu tatu za kisanaa na utoe mifano. Aliyeingia nyumba ya watu kwa kupekua hawezi kusema alikaribishwa. Kwa hiyo usianze na kitabu ulichofanyia mtihani, hata kama ulikipenda. Utajikuta unahesabu tamathali za semi huku kahawa inapoa.

Anza na Bwana Msa, mpelelezi.

Mwandishi wake, Muhammed Said Abdulla, alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuingia kwenye magazeti, na mimi kazi zote mbili naziona kwenye hadithi zake: jicho la mtu aliyezoea kuchungulia nyuma ya mitungi ya watu, na sikio la mtu anayejua nani kasema nini barazani. Hadithi yake ya kwanza ya upelelezi, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la East African Literature Bureau la mwaka 1957–58, ikatoka kitabu mwaka 1960. Tajiri mmoja anakutwa amekufa kwenye mzimu, mahali pa matambiko. Watu wako tayari kuamini kwamba wenyewe wa kale wamemchukua. Bwana Msa, kiko cha tumbaku mdomoni, hayuko tayari. Sitakwambia zaidi ya hapo.

Kama umewahi kukutana na Sherlock Holmes, kiko hicho utakitambua mara moja, na hata rafiki yake Najum utamtambua, maana ndiye anayeuliza maswali ambayo wewe msomaji unataka kuyauliza. Lakini ukishapita kiko, kila kitu ni cha Unguja. Upelelezi unapita kwenye maamkizi, utani, mabishano na methali. Mtu anaficha jambo kwa adabu kiasi kwamba unampenda hata ukiwa unamshuku. Na hapa ndipo kinapofaa mkahawani kuliko vitabu vingi, kwa sababu sauti yake ni ya barazani. Kabla ya mikahawa yenye viti vya sofa tulikuwa navyo, na bado tunavyo, vijiwe vya kahawa: mzee na dele lake juu ya makaa, vikombe vya kauri visivyo na mkono, kashata ya karanga pembeni. Pale hakuna anayesoma kimya. Mmoja anasoma gazeti kwa sauti, wengine wanambishia mwandishi kana kwamba amekaa nao. Nathari ya Bwana Msa imeandikwa kwa watu waliozoea kusikiliza namna hiyo. Mtu wa meza ya pili akicheka, mashine ikinguruma, haikuharibii. Imezoea kelele.

Ukiumaliza Mzimu, vingine vinakungoja: Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mwana wa Yungi Hulewa (1976). Kuna na Mke Mmoja Waume Watatu, cha mwaka 1975, ambacho nakushauri ukivalishe gazeti. Mimi nilikaa nacho kijiweni siku moja bila gazeti. Mzee mmoja akasoma jalada kwa sauti, kikao kizima kikageuka, kila mtu akawa na mfano wake wa mtaani, na mimi sikusoma tena siku hiyo.

Utakutana na maneno ya Kiunguja usiyoyajua. Usibebe kamusi. Neno usilolijua liache lipite kama gari la mtu mwingine. Likiwa na shida na wewe litarudi ukurasa wa pili, na safari hiyo utakuwa umeshaelewa.

Sasa, huenda wewe ni mtu wa mwendo wa kasi zaidi. Kama ni hivyo, kuna Willy Gamba na kuna Joram Kiango. Willy Gamba ni jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, aliyeanza na Kufa na Kupona mwaka 1974, wakati Dar es Salaam ilikuwa makao ya harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika na jiji lenyewe lilikuwa na majasusi wa kweli. Kikafuata Kikosi cha Kisasi na vingine. Joram Kiango ni wa Ben Mtobwa, kijana wa Kigoma aliyefariki mwaka 2008. Joram utampata kwenye Salamu Toka Kuzimu, kwenye Dimbwi la Damu, na majina mengine ambayo ukiyasoma tu unasikia muziki wa sinema. Wataalamu wa vyuo vikuu walizipa hadithi za aina hii jina la "riwaya pendwa", na kwa muda mrefu jina hilo lilitamkwa kwa mdomo uliopinda kidogo. Mimi huwa najiuliza: sasa riwaya isipopendwa ifanyweje? Nimeona nakala za Willy Gamba zilizopita mikono mingi mpaka zikapoteza jalada na kurasa sita za mwanzo. Anayekuazima anakusimulia hizo sita kwa mdomo, ndipo anakukabidhi.

Onyo langu ni moja. Wanawake wa riwaya hizi, hasa za Musiba, wengi ni wazuri mno na hawana kazi nyingi zaidi ya huo uzuri. Ukiwa mwanamke mwenye akili zako timamu, na nakuona unazo, utaguna mara kadhaa. Guna, geuza ukurasa. Au mchukue Mtobwa wa Dar es Salaam Usiku, ambako Joram hayumo kabisa na jiji lenyewe ndilo linalofuatiliwa, na giza lake, na watu wanaoamka wengine wakilala.

Haya yote ni ya vikombe viwili kwa maana ya haraka. Lakini wewe unakaa Mwanza, dada yangu, na mtu anayekaa Mwanza ana bahati ambayo pengine haijui. Panda kivuko, vuka mpaka Nansio, umeingia kisiwa kilichotoa waandishi watatu wakubwa: Aniceti Kitereza, Euphrase Kezilahabi na Gabriel Ruhumbika. Sijui Ukerewe wanakunywa maji gani.

Nimeuza vitabu vingi, lakini kitabu ninachokipenda kumpa mtu mwenye Jumamosi nyingi mbele yake ni cha Kitereza: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Jina tu ni familia nzima. Mzee huyu alizaliwa mwaka 1896, akasoma kwa wamisionari, akakiandika kitabu chake kwa Kikerewe mwaka 1945. Mchapishaji hakupatikana. Lugha ya kisiwa kimoja, kitabu kinene kama tofali, nani angekinunua? Miaka ikaenda. Akiwa mzee kabisa akakaa chini akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House wakakitoa mwaka 1980, vitabu viwili. Kitereza akafariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia mikononi.

Hadithi yenyewe inaanza na jambo dogo na kubwa. Mume na mke wanapendana na hawana mtoto. Ndugu wanasema, kama ilivyo kawaida ya ndugu. Wazazi wa Bugonoka wanamrudisha binti yao nyumbani, na Myombekere, badala ya kuoa mwingine kama anavyoshauriwa, anamfuata mkewe ukweni. Anatozwa faini ya pombe ya ndizi. Sasa hapo mwandishi wa kisasa angeandika "akapika pombe, akaipeleka" akaendelea na safari. Kitereza haendi. Anakuonyesha pombe hiyo ikitengenezwa, kuanzia ndizi, hatua kwa hatua, na nani alisaidia, na walisemezana nini wakati wakisaidiana. Wageni wakija, wanaamkiana mpaka mwisho. Mtu akiugua, unamfuata mganga na dawa zake. Nimesikia watu wakilalamika kwamba kitabu hakiendi. Kweli hakiendi, kimekaa. Ni kama kwenda kwa bibi kijijini: siku ya kwanza unatafuta mtandao, siku ya tatu unajua jina la kila mbuzi.

Kwa mkahawa, hiyo ni neema. Hakuna mahali unapoweza kupotea kwa sababu hakuna anayekimbia. Unasoma kurasa kumi za watu wanaojenga au kulima au kupatanishwa, unainua macho, ziwa liko pale pale. Na ukijua kwamba Kitereza mwenyewe na mkewe hawakubakiwa na mtoto, na kwamba hakuoa mke wa pili, kuna kurasa utazisoma polepole zaidi bila kuambiwa. Ruhumbika ndiye aliyekuja kukitafsiri kwa Kiingereza, mwaka 2002, kwa hiyo ukikosa nakala ya Kiswahili na ukaiona hiyo, usiidharau; lakini tafuta ya Kiswahili kwanza. Kiswahili cha Kitereza kina lafudhi ya nyumbani kwake, nami nakipenda kwa ajili hiyo.

Kezilahabi ni jambo jingine. Rosa Mistika, ya mwaka 1971, nayo ni ya Ukerewe: binti, baba mlevi mwenye mkono mzito, shule, mji. Kwanza ilipigwa marufuku mashuleni, jambo ambalo naona liliisaidia kuliko tangazo lolote. Utaimaliza kwa Jumamosi tatu na haitakuchosha hata dakika moja. Itakuumiza tu. Mwanao akitoka kwenye bwawa akakuta mama ana macho mekundu, utajua la kumwambia. Ila kaa mbali na Nagona, kwa sasa. Watu hudanganywa na wembamba wake. Wanasema hii nitaimaliza kabla ya kikombe cha pili. Mimi niliingia nayo mkahawani mwaka mmoja nikasoma kurasa nne mara tatu, nikatoka nimekunywa chai, kahawa na juisi na sijui niko wapi. Ni kitabu cha usiku na nyumba iliyolala. Vivyo hivyo Haini ya Adam Shafi, inayotupeleka kwenye mahabusu za Zanzibar baada ya kuuawa kwa Karume mwaka 1972. Kitabu kikubwa, lakini kumeza keki huku unasoma mateso ya watu, mimi siwezi.

Huyo Adam Shafi ana vingine vya kukufaa sana. Inawezekana Vuta n'kuvute uliifanyia mtihani. Kama ndivyo, ipe mwaka mmoja ipumue, kisha uirudie bila penseli. Kama hukuifanyia, umelala na hazina. Unguja ya miaka ya mwisho ya Mwingereza, binti wa Kihindi anaitwa Yasmin ameozwa kwa Bwana Raza aliyemzidi umri kwa mbali, anatoroka, anapokelewa mtaa wa Ng'ambo na shoga yake Mwajuma, na huko anakutana na Denge, ambaye polisi wanamtafuta kwa siasa zake. Mapenzi, taarabu, karatasi za siri, mpelelezi wa kizungu anayechungulia. Kila sura inaishia mahali ambapo utataka kumwambia mhudumu "ongeza kimoja". Mwaka 2021 Amil Shivji aliifanya filamu, lakini soma kwanza. (Mabano kidogo, maana siwezi kujizuia: kuna shairi la Abdilatif Abdalla kwenye Sauti ya Dhiki, liitwalo "Mnazi: Vuta N'kuvute", ambamo wawili wanagombania mnazi kwa beti za majibizano. Lilitoka mwaka 1973, robo karne kabla ya riwaya. Lisome kwa sauti ndogo, utasikia kamba ikivutwa.)

Baada ya hapo kichukue Mbali na Nyumbani, cha mwaka 2013. Humo Shafi anasimulia ujana wake, alipoondoka Unguja na kukata nchi baada ya nchi kuelekea kaskazini, mfukoni mna matumaini kuliko fedha. Vitabu vya safari vina urafiki wa pekee na mkahawa. Wewe umekaa, mtu mwingine anahangaika na mipaka kwa niaba yako. Kwa sababu hiyo hiyo nakipenda Siku Njema cha Ken Walibora, cha mwaka 1996: kijana Kongowea Mswahili, mtoto wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, anafunga safari hadi Kitale, Kenya, kumtafuta baba asiyemjua. Wakenya wengi walikisoma shuleni na wao huenda wangekwambia niliyokwambia mimi kuhusu mtihani. Kwako wewe ni kipya, kwa hiyo umewapita.

Halafu Peponi. Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel mwaka 2021, watu walikuja dukani wakiuliza vitabu vyake kwa Kiswahili, tukawa tunaangaliana tu. Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wakatoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya mwaka 1994. Mtoto Yusuf anachukuliwa na mtu anayemwita "ami", mfanyabiashara tajiri, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Kwa Kiingereza, Khalil anamtania Yusuf kwa kumwita kifa urongo, na maneno hayo mawili yamekaa kwenye ukurasa kama wageni waliovaa kanzu kwenye ofisi ya benki. Kwa Kiswahili yamerudi nyumbani, yamevua viatu. Mimi nilikuwa nimeshaisoma ya Kiingereza miaka mingi nyuma, na bado nilihisi nasikia sauti za wale watu kwa mara ya kwanza. Sentensi zake ni ndefu kiasi, kwa hiyo chagua meza ya pembeni.

Kuna Jumamosi ambazo saa mbili zitakatwa na simu ya ofisini zikawa dakika ishirini. Kwa siku hizo weka kitabu cha hadithi fupi ndani ya mkoba na usikitoe, kiishi humo. Said Ahmed Mohamed ni fundi wa hadithi fupi kama alivyo fundi wa riwaya. Si Shetani si Wazimu na Arusi ya Buldoza ni mikusanyo ninayoitoa mara kwa mara. Riwaya yake Utengano nayo ni tamu, ila iweke kwenye kundi la Rosa. Mohamed Suleiman Mohamed ana Kicheko cha Ushindi. Kutoka Kenya kuna Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine. Hadithi moja, kikombe kimoja, na ukiinuka hudaiwi kitu.

Mashairi pia, ingawa najua wengi huyakimbia. Usiyasome kama kitabu. Lisome moja, funga, kunywa. Kichomi cha Kezilahabi (1974) kilizua ugomvi mkubwa kwa sababu kiliacha vina na mizani, na mabingwa wa shairi la kimapokeo walikasirika kweli kweli. Ukisoma leo huku mvua inagonga paa la mkahawa utashangaa walikuwa wanapigania nini.

Na Shaaban Robert? Najua umekuwa ukimngoja. Simwogopi, namheshimu, ndiyo maana simpeleki mtu kwake siku ya kwanza. Lakini kuna mlango wa uani: Wasifu wa Siti binti Saad. Ni kitabu chembamba kuhusu binti wa kijiji cha Fumba aliyeanza kwa kuuza vyungu, akawa sauti ya Unguja nzima, akavuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928. Tafuta nyimbo zake kwenye simu, vaa visikilizi, soma. Hiyo ndiyo ruhusa pekee ninayoipa simu katika jibu hili. Baada ya Siti, ukimpenda mwandishi, ndipo umwombe Kusadikika: Karama yuko kizimbani na anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita, siku baada ya siku. Nani alituambia hicho ni kitabu cha kukariri? Wajumbe sita ni Jumamosi sita, zimegawanywa tayari.

Cha waandishi wa karibuni nitakutajia kimoja tu, Mungu Hakopeshwi cha Zainab Alwi Baharoon, kilichopata Tuzo ya Mabati-Cornell mwaka 2018. Nikikutajia vyote vilivyowahi kupata tuzo hiyo tutakesha, na nimekwambia tuzo si kipimo changu. Hiki nakitaja kwa sababu nilikuwa nimeanza kusahau jinsi Kiswahili cha Zanzibar kinavyoweza kuuma na kubembeleza katika aya moja.

Kuvipata. Kwanza Maktaba ya Mkoa hapo hapo Mwanza: jiandikishe, na umuulize mkutubi vitabu vya zamani, maana vile vya miaka ya sabini aghalabu hujificha nyuma ya vya kiada. Pili, wauza vitabu vya mitumba. Wao hawajui mtaala, wanajua jalada, kwa hiyo kwao Bwana Msa hulala juu ya kitabu cha upishi na chini ya kitabu cha udereva. Tatu, Dar es Salaam. Duka la TPH (Tanzania Publishing House), Mtaa wa Samora, na Soma Book Café kule Mikocheni, ambako vitabu na kahawa vimekaa nyumba moja. Mtu wako akiwa huko, akununulie, akutumie kwa basi. Mimi nimetuma vitabu kwa basi mpaka Bukoba na vikafika salama, isipokuwa kimoja kilichonukia dagaa.

Bukoba imenikumbusha. Ukipata kahawa ya kutafuna ya Wahaya, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa, weka kidogo kwenye mkoba pamoja na kile kitabu cha hadithi fupi. Haimwagiki kwenye kurasa, na haihitaji mhudumu.

Mengine ni madogo. Kaa mgongo wako ukiipa televisheni. Simu iache na sauti kwa ajili ya mtoto, lakini iwe chini kabisa ya mkoba, mahali pa kuona uvivu kuifikia. Usipige mistari. Ukifika ukurasa wa thelathini na kitabu bado hakijakuita, kirudishe, hakuna mwalimu atakayekuuliza. Na ukicheka peke yako, cheka. Wenzako kwenye meza nyingine wanacheka na simu zao kila siku na hakuna anayewashangaa.

Jumamosi hii anza na Mzimu wa Watu wa Kale. Ukipata nakala mbili za Kisima cha Giningi, moja niwekee mimi, nitailipia. Yangu ilichukuliwa na mteja mmoja "aikamilishe nyumbani", na huu ni mwaka wa tisa.